Tumepima Pamba, Tupime na Kingpini

Msimu wa pamba ukifunguliwa Bunda, kitu cha kwanza anachotazama mkulima ni mzani. Anaangalia kama una stika ya Wakala wa Vipimo, na kama unasoma sifuri kabla mfuko haujapandishwa. Akiona shaka anamwita mwenyekiti wa chama cha msingi, na karani asipojieleza vizuri kituo kizima kinasimama. Nimelelewa na wazazi waliolima pamba, na nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa ajili ya nusu kilo. Walikuwa na haki. Nusu kilo ikipunjwa kwenye kila mfuko wa kijiji kizima, kuna mtu atajenga nyumba kwa jasho la wenzake.

Mkulima huyohuyo akishalipwa anapanda Hiace kuja Musoma kununua mahitaji. Tairi la mbele la gari hilo linaweza kuwa limeshikiliwa na boljointi iliyofunguliwa wiki iliyopita chini ya mwembe, ikajazwa, ikafungwa tena. Aliyeifungua hana kipimo chochote zaidi ya mkono wake. Hapo hakuna anayeuliza sifuri iko wapi, wala hakuna anayemwita mwenyekiti.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, na karakana yangu iko Nyasho, hapa Musoma. Ni mwanamke, kwa hiyo madereva vijana wananiamkia shikamoo mama kabla ya kunionyesha kilichowaleta. Wanaleta kingpini za Fuso zinazobeba dagaa kutoka Mwigobero, bushi za magari ya Bunda, krankshafti za kila namna, na kutoka Butiama pini za ekseli za trekta ambazo umri wake unazidi wa waendeshaji. Naandika kwa sababu ninayoyaona mezani kwangu yanahusu kila mtu anayepanda gari mkoani Mara. Ombi langu ni moja: fundi yeyote anayefufua kiungo cha usukani au cha tairi la mbele akipime, aandike alichokipata, na ampe mwenye gari karatasi hiyo. Asiyeweza kupima asifufue.

Sisemi viungo visifufuliwe. Kuna vinavyotoka kiwandani vikiwa vimekusudiwa kufufuliwa, na kingpini ni mfano mzuri. Ni pini nene ya chuma iliyosimama wima kwenye ncha ya ekseli ya mbele ya lori. Katikati yake imebanwa kwenye ekseli na haizunguki. Sehemu ya juu na ya chini zimevikwa bushi mbili zinazozunguka juu yake, na hapo ndipo tairi linapopatia uwezo wa kukata kona. Aliyeibuni alijua kwamba bushi zitalika, kwa hiyo alizifanya ziweze kung'olewa na kuwekwa nyingine. Mtu anayechonga bushi ya shaba kwa vipimo sahihi anafanya kazi halali, na lori litarudi barabarani likiwa salama kama lilivyokuwa. Tatizo linaanza pale anapochonga bushi bila kuipima pini.

Tuanze na jambo ambalo sisi wa Mara tunapaswa kulijua kuliko wengine, yaani vumbi. Musoma imekaa katikati ya majabali ya graniti, na Butiama vivyo hivyo. Mtu aliyefika Mwitongo amekwisha kuyaona. Jabali la graniti likichakaa kwa jua na mvua miaka na miaka, chembe zinazobakia nyingi ni za kwatzi. Mjerumani Friedrich Mohs alipopanga madini kwa ugumu mwaka 1812, kwatzi aliipa namba 7 katika ngazi ya 10. Chembe hiyo ni ngumu hata kuliko chuma kilichokomazwa kwa moto. Inapopenya kwenye kiungo ambacho mpira wake umepasuka, ikachanganyika na grisi, mchanganyiko ule hauna tofauti na dawa tunayotumia gereji kusagia vali. Kila dereva anapokata kona, kiungo kinajisaga chenyewe.

Yapo pia mambo matatu ambayo mwenye gari anaweza kuyaelewa bila kwenda shule ya ufundi. Mwingereza J. F. Archard aliyaweka kwenye kanuni mwaka 1953: kiasi cha chuma kinachopotea kinaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka na kadiri nyuso mbili zinavyosuguana mbali zaidi, na kinapungua kadiri uso ulivyo mgumu. Ukibebesha Fuso mzigo mara mbili ya uwezo wake, unailisha kingpini yako mara mbili. Na kwa kuwa pini hizi hukomazwa ngozi ya nje tu, huku moyo wake ukiachwa laini ili usivunjike, siku ngozi ile ikiisha ulikaji unaongeza kasi. Pini iliyokaa muda mrefu ikionekana nzima inaweza kuharibika ndani ya muda mfupi tu baada ya hapo. Ndiyo maana mimi siuzoei msemo wa “bado inavuta vuta”.

Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea kingpini ya Fuso kutoka Bunda, imefungwa kwenye gunia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Za Bunda?”

“Salama. Naomba unichongee bushi tu, pini yenyewe bado nzima. Tajiri anataka gari lipakie leo.”

Nikamwambia akae. Pini niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa sababu tone la grisi nalo lina unene na litakudanganya. Kisha nikachukua maikromita. Kwa wasioijua, hiki ni chombo cha mkono chenye umbo la nusu duara, na upande mmoja kina skrubu. Mfaransa Jean Palmer alikipatia hataza Paris mwaka 1848, karibu miaka 40 kabla Karl Benz hajapata hataza ya gari lake mwaka 1886. Skrubu yake ikizunguka mara moja inasogea nusu milimita, na mzingo wake umegawanywa mistari 50. Kwa hiyo mstari mmoja ni sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani unachukua mistari mitano hadi kumi hivi.

Kabla ya kupima pini, nilipima kwanza kile kipande cha chuma cha milimita 25 kinachokuja na maikromita yenyewe. Kikisoma 25 kamili, chombo kinasema kweli. Mkulima wa pamba angenielewa hapo bila maelezo.

Katikati ya pini, pale palipobanwa na ekseli pasipozunguka, palisoma 28.00. Hapo ndipo kiwanda kilipoandika saizi yake ya asili, na hakuna anayeweza kupafuta. Nikahamia sehemu ya juu inayokaa ndani ya bushi. Nilipopima mbele na nyuma ilisoma 27.94. Nikaigeuza robo mzunguko, nikapima kwa upande unaoelekea tairi: 27.81. Sehemu ya chini nayo ilikuwa na hali ileile. Nilimpa kijana maikromita asome mwenyewe, akasoma mara mbili, akanitazama.

“Lakini mama, ukiishika mkononi ni laini kabisa.”

Ni laini kweli, na ulaini ule ndio unaowaponza wengi. Chuma kilichosagwa na vumbi laini huwa kinang'aa. Kidole kinakwambia hakuna mikwaruzo. Hakiwezi kukwambia kwamba pini imekuwa na umbo la yai. Tairi la lori liko nje ya pini, kwa hiyo uzito wote unaivuta pini upande mmoja siku zote, na pini haizunguki ikagawana maumivu. Inalika hapohapo.

Sasa chukua fundi asiyepima. Anaingiza pini kwenye bushi aliyoichonga, anaisikia imebana, anaridhika. Imebana kwenye 27.94. Tuseme ameacha nafasi ya grisi ya sehemu tatu za mia, ambayo ni sahihi kabisa, akaitoboa bushi kwa 27.97. Kwa upande wa 27.81 nafasi ni milimita 0.16, mara tano na zaidi ya aliyodhani ameiacha. Pini inacheza upande uleule unaobeba mzigo. Akijaribu kuibana huko, itakwama upande mwingine na usukani utakuwa mzito. Hakuna bushi ya mviringo itakayoitosha pini yenye umbo la yai. Dawa yake ni pini mpya ya 28.00 na bushi ya 28.03, basi.

Mtu atasema sehemu 16 za mia ya milimita ni kitu gani. Hesabu ni rahisi. Bushi ya juu na ya chini zinaachana kama milimita 150, na kutoka katikati ya tairi hadi ukingoni ni kama milimita 380. Pini ikilala kwa kiasi hicho kwenye bushi zote mbili, ukingo wa tairi unayumba karibu milimita moja, gari likiwa limesimama na halina mzigo. Lipeleke barabara ya vumbi lenye shehena, kila shimo linagonga pengo lile kama nyundo, na pengo linapanuka. Kijana alimpigia tajiri wake palepale. Walinunua pini mpya. Gari lilipakia kesho yake badala ya siku ile, na ndiyo hasara yote waliyoipata.

Najua wanaopinga watasema ukaguzi upo. Ni kweli upo. Pale stendi ya Bweri askari wa usalama barabarani hukagua mabasi kabla hayajaondoka, na kazi hiyo naiheshimu. Fundi mzuri naye ana njia yake ya zamani: anainua tairi kwa jeki, analishika juu na chini kama saa 12 na saa 6, analitikisa, kisha analishika kushoto na kulia, saa 9 na saa 3, analitikisa tena. Mchezo wa juu na chini unaonyesha kingpini, boljointi au beringi za haba. Mchezo wa kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi. Njia hii ni nzuri ya kuanzia, na ninataka kila dereva aijue. Ila haitoi namba. Mikono ya watu haina nguvu sawa. Na jeki ikiwekwa mahali pasipofaa, springi inakibana kiungo na mchezo wote unajificha, kwa hiyo gari lilelile litafaulu kwa fundi mmoja na kufeli kwa mwingine.

Na kuna kazi moja inayofanywa gereji nyingi ambayo mkono hauwezi kuigundua kabisa. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Boljointi ni tufe la chuma lililofungiwa ndani ya kikombe cha chuma. Kinachozuia tufe lisichomoke ni mdomo wa kikombe, ambao ni mwembamba kuliko tufe. Kadiri siku zinavyokwenda tufe linapungua na mdomo unapanuka. Siku vikikutana, tufe linatoka na tairi linalala. Boljointi nyingi za magari madogo zimefungwa kiwandani moja kwa moja, hazikukusudiwa kufunguliwa. Lakini zinafunguliwa. Kifuniko cha chini kinakatwa, plastiki ngumu inayeyushwa au kukatwa vipande na kushindiliwa kuzunguka tufe, kisha kifuniko kinarudishwa kwa kuchomelewa. Ukiitikisa baada ya hapo ni ngumu kama mpya. Mwenye gari analipa kwa furaha.

Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo baada ya tairi la Hiace kulala. Gari lilikuwa ndiyo kwanza linatoka stendi taratibu, hakuna aliyeumia. Gereji iliyoitengeneza siitaji, kwa maana si yenyewe peke yake. Niliibana kwenye vaisi nikaikata kwa msumeno wa chuma, kutoka juu hadi chini. Plastiki ilitoka vipande vipande, imeshaungua kwa joto la kulehemu na kuwa ya kahawia, inavunjika kwa vidole. Tufe nililipima pande tatu. Upande mmoja ulikuwa umepungua zaidi ya nusu milimita kuliko mwingine; ungeona kabisa bapa pale lilipokuwa likikaa siku zote gari linapokwenda moja kwa moja. Mdomo wa kikombe ulikuwa umelika upande mmoja hadi ukawa mkali kama ukingo wa bati, unaweza kukata ngozi.

Chuma hakikuongezwa hata chembe. Tufe lilibaki dogo na mdomo ulibaki mpana kama vilivyokuwa kabla ya ile kazi kufanyika. Kilichofanyika ni kuuzima mchezo usisikike mkononi. Kipimo pekee ambacho mwenye gari, dereva na askari wanakitegemea, yaani kutikisa, kimezibwa kwa makusudi au kwa kutojua, na gari limepita ukaguzi huku kiungo chake kikiwa hatarini zaidi kuliko kilipokuwa kinagonga. Kilipokuwa kinagonga angalau dereva alikuwa anasikia. Ndiyo maana kwa boljointi zilizofungwa kiwandani msimamo wangu ni mmoja: zisijazwe. Zinazofunguka kwa skrubu, ambazo zipo kwenye baadhi ya magari makubwa, zifunguliwe, tufe na mdomo vipimwe, na vikizidi kiwango cha mtengenezaji zitupwe.

Linaloniuma ni kwamba mafundi wetu wanajua kupima. Injini ikifunguliwa, hakuna anayethubutu kufunga metali mpya bila kupeleka krankshafti ikapimwe. Jarida za kranki zinapimwa sehemu kadhaa ili kuona kama zimekuwa za yai au zimechongoka upande mmoja, kisha zinasagwa kwa hatua zinazojulikana: milimita 0.25, 0.50, 0.75. Vijana wanaziita saizi ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, kwa hesabu ya zamani ya elfu za inchi, na kila mtu karakana nzima anaelewana na mwenzake. Wanajua hata kusubiri chuma kipoe. Dunia nzima imekubaliana vipimo vya urefu visomwe kwenye nyuzi joto 20, na karakana yenye bati Musoma mchana iko juu ya hapo; jarida ya milimita 60 iliyoanikwa juani hadi nyuzi 45 inavimba karibu sehemu mbili za mia, kiasi cha kutosha kuharibu nafasi ya mafuta. Uangalifu wote huo upo. Unaishia kwenye injini kwa sababu injini iliyofungwa vibaya inakufa mbele ya macho ya fundi, kabla hajalipwa. Kiungo cha usukani kilichofungwa vibaya kinaondoka kikiwa kimya, na likitokea la kutokea Kunzugu au kwenye mteremko wa Balili, fundi hayupo na taarifa itasema dereva alishindwa kulimudu gari.

Kuhusu gharama nimezungumza na wengi. Mwenye Hiace moja anayelipa mkopo wa kikundi, ana ada za watoto, hawezi kununua boljointi mpya kila anaposikia kelele, na mimi si mtu wa kumhubiria mwenye shida. Lakini kupima hakumlazimishi kununua. Mara nyingi namba inamwokolea fedha. Wapo waliokuja kwangu wameshaambiwa wanunue seti nzima, nikapima nikakuta pini haijapungua hata sehemu mbili za mia, wakachonga bushi peke yake wakaondoka. Mwaka 1966 Peter Jost aliiambia serikali ya Uingereza kwamba nchi yake ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka kwa kushughulikia vizuri msuguano na ulikaji wa mitambo. Ilikuwa nchi tajiri, na bado ilionekana inafaa kuhesabu. Mkoa wenye magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla hayajafika kwetu una sababu kubwa zaidi.

Na mpya nazo zipimwe. Spea inayokaa kwenye boksi zuri haijathibitisha chochote. Nimeshika pini mpya ambazo juu na chini hazilingani saizi, na nyingine ambazo tupa ya kawaida inazila kama chuma cha nondo, maana yake hazikukomazwa. Bidhaa bandia zina mamlaka yake, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, lakini Tume haiwezi kukaa kwenye kila duka la spea Barabara ya Mukendo. Fundi mwenye maikromita anaweza kuikataa spea palepale kaunta.

Sasa nani afanye nini. Vyombo tunavyo, tena vingine vina umri mkubwa. Sheria ya SIDO ilipitishwa mwaka 1973, wakati nchi ikiongozwa na mtoto wa Butiama, na lengo lilikuwa kumwinua fundi mdogo kama mimi. Mwaka 1985, Mwalimu akiwa anajiandaa kung'atuka ili arudi kijijini kulima, kule Kibaha kilianzishwa kituo cha Nyumbu ili Watanzania wajenge gari lao wenyewe. VETA ilipata sheria yake mwaka 1994. Wakala wa Vipimo una sheria yake, Sura ya 340, na maofisa wake tunawaona wakikagua pampu za mafuta na kupambana na lumbesa. Sitaki kianzishwe kingine.

Ningeomba SIDO na VETA hapa Mara wawe na seti chache za vipimo vya kuazima: maikromita za saizi tatu, dayogeji yenye kitako cha sumaku, kipimo cha ndani cha kupimia matundu ya bushi, na vipande vya kuhakikia vipimo vya watu. Fundi wa Nyamuswa au Kyabakari aweze kuja na maikromita yake mara moja kwa mwaka, ihakikiwe, ibandikwe stika kama mzani. Vijana wanaopewa vyeti kwa ujuzi walioupata mtaani wapimwe pia kwa kusoma maikromita, kila mmoja, bila kuonewa huruma. Niko tayari kufundisha jioni bila malipo, na wapo wakerezaji wenzangu ambao hawatakataa. Halmashauri zina ile asilimia kumi ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kikiomba mkopo wa vipimo kisikilizwe kama kinavyosikilizwa kikundi cha bodaboda. Maikromita ya kawaida haifikii bei ya tairi moja jipya la Hiace, na ikitunzwa itamzika aliyeinunua.

Askari wetu nao wapewe dayogeji. Inagandishwa kwa sumaku kwenye ekseli, ncha yake inagusa ukingo wa rimu, tairi linasukumwa kwa mtarimbo, mshale unasema. Kazi ya dakika chache. Mabishano kati ya dereva na askari, ambayo wote tumeyasikia na wengine tumeyalipia, yatapungua sana kama kuna namba ambayo wote wawili wanaiona.

Lakini karatasi ndiyo naiona kubwa kuliko yote, na haihitaji bajeti ya mtu. Mambo matatu tu: saizi ya asili ya chuma, saizi kilichokutwa nayo pande mbili, na nafasi iliyoachwa baada ya kazi. Chini yake tarehe, namba ya gari na jina la fundi. Mimi natoa karatasi hiyo, nyuma ya risiti, kwa kalamu ya kawaida. Wapo waliocheka mwanzoni. Sasa matajiri wa Fuso wanazitunza, na gari likirudi baada ya mwaka tunajua pini imelika kiasi gani, barabara ipi, kwa mzigo gani. Trekta moja ya Butiama ina karatasi za misimu kadhaa mfululizo, na kutokana nazo mwenye nayo alijua mwenyewe kwamba mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka, kwa sababu pini iliyokuwa ikipungua sehemu mbili kwa msimu ilipungua tisa.

Mwenye gari, mara nyingine ukipeleka kazi gereji, usiulize tu itakuwa tayari saa ngapi. Uliza imesoma ngapi. Ukijibiwa “iko poa”, chukua chuma chako ukipeleke kwa mwingine. Na pini ya zamani ikitolewa udai upewe, hata kama imekwisha kabisa, uipeleke mwenyewe kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikapimwe kwa kilo. Usiiache kwenye rundo nyuma ya gereji, kwa kuwa nimekwisha kuziona zikitolewa kwenye rundo hilo, zikipigwa brashi ya waya na kupakwa mafuta, zikauzwa kwa mtu aliyetoka mbali kama pini zilizotumika kidogo.